Landrova ya Okwera

Ruqaiya alikuwa na miaka arobaini na saba, na thelathini kati ya hiyo alikuwa ameimalizia chini ya magari. Baba yake, mzee Abudu, alikuwa fundi wa malori ya jeshi huko Bombo. Vita vya mwaka sabini na tisa vilivyoiangusha serikali vilipowafukuza Wanubi wengi kama wao hadi Sudan, mzee huyo alifungua gereji chini ya turubai pembeni mwa barabara ya Yei, na kwa kuwa hakujaliwa mtoto wa kiume, Ruqaiya ndiye aliyemshikia taa na kumpa spana. Waliporudi Uganda, binti alikuwa anaweza kufungua giaboksi na kuifunga tena bila kubakiza hata skrubu moja mkononi.

Sasa alikuwa na yadi yake mwenyewe mtaani Namuwongo, jijini, hatua chache kutoka reli, yenye ukuta wa mabati upande mmoja na mfereji upande wa pili. Alifanya kazi na binamu yake Yasiin, mchomeleaji wa miaka sitini mwenye jicho moja zuri. Wateja walimwita Fundi. Waliomzoea walimwita Mama Hamim, kwa jina la mwanawe wa kwanza.

Okwera alifika mwezi wa pili, Landrova yake ikivutwa na pikapu. Alikuwa mtu wa Lamwo, kaskazini kabisa, inspekta mstaafu wa polisi aliyekuwa akiishi Bukoto na mkewe Acayo. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kifupi na cha amri. Alilizunguka gari mara moja kabla ya kusema neno.

"Nataka hii injini itoke," alisema. "Weka kubwa. Silinda sita, dizeli. Kama zile za malori madogo."

"Hii ya petroli ina kosa gani, Afande? Inaonekana imetunzwa."

"Imeua dada yangu."

Ruqaiya alifuta mikono yake kwenye kitambaa akamvutia kiti. Okwera hakukaa. Alisimulia akiwa amesimama, macho yake kwenye boneti. Mwezi wa kumi uliopita alikuwa kijijini kwao, na dada yake Lamwaka, aliyeolewa juu ya kilima, alijifungua na damu ikakataa kukatika. Walimpigia simu saa tatu asubuhi. Alianza kupanda kumfuata. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, na mahali pale mwinuko unapokuwa mkali gari lilikata pumzi. Alirudi nyuma akajaribu tena. Mara ya tatu maji yakachemka. Mwishowe wanaume walimteremsha Lamwaka kwa kitanda, na alipofika pale gari lilipokwama alikuwa amekwisha nyamaza.

"Ningekuwa na nguvu ya kupanda," Okwera alisema, "angekuwa hai."

Ruqaiya alimpa pole. Kisha, kwa sababu alikuwa fundi, aliuliza swali ambalo lilikuwa limemjia tangu mwanzo. "Na kushuka, Afande? Hicho kilima unakishukaje ukiwa na watu ndani?"

"Kushuka si tatizo. Kila kitu kinashuka."

Jibu hilo halikumpendeza. Lakini mtu alikuwa na msiba, na kazi yenyewe ilikuwa kazi anayoijua. Aliikubali.

Injini waliipata kwenye gari kubwa lililokuwa limepinduka na kubaki vyuma. Ilikuwa dizeli ya lita nne na zaidi, nzito kiasi kwamba winchi ya Yasiin ililia ilipoinyanyua. Karibu kila kitu kilibidi kipishe. Radieta ilisogezwa mbele. Springi za mbele ziliongezwa majani ya chuma. Yasiin alichomelea vishikio vipya kwenye chesisi, na sahani ya chuma ikachongwa kuunganisha injini hiyo na giaboksi ya zamani. Bado injini haikuingia. Nyuma yake iligusa ukuta wa bati unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Ruqaiya alichukua grainda akakata sehemu ya ukuta huo upande wa kulia, akaziba pengo kwa bati jipya. Lilikuwa bati jembamba kuliko lile la kwanza. Alijiambia atalirudia.

Ruqaiya alitaka giaboksi nayo ibadilishwe, kwa maana ile ya zamani ilitengenezwa kubeba nguvu nusu ya hizi. Okwera alikataa kungoja. Mvua za kaskazini zinaanza mwezi wa nne, alisema, na alitaka kuwa kijijini kabla ya hapo.

Kisha kulikuwa na suala la breki. Landrova hiyo ilikuwa na buusta, kile chombo cha duara kinachomsaidia dereva ili asihitaji nguvu nyingi kukanyaga. Buusta hufanya kazi kwa kufyonzwa hewa, na injini ya petroli huifyonza yenyewe. Dizeli haifyonzi. Huhitaji pampu ndogo ya pembeni, na pampu ya injini hii ilikuwa imeshang'olewa na kuuzwa kabla Ruqaiya hajaiona. Alizunguka maduka ya spea siku mbili. Zilizokuwepo hazikuingiana na mashine yake. Mfanyabiashara mmoja aliahidi kumletea kutoka Nairobi.

Wakati wanangoja pampu, Yasiin alisema wajaribu mwendo tu. Walipanda nayo kilima cha Muyenga asubuhi ya Jumatatu, Ruqaiya akiwa kwenye usukani. Ilipanda kilima kile kana kwamba barabara ni tambarare. Yasiin alikuwa akitabasamu, na Ruqaiya mwenyewe alisikia raha ile ya zamani ya chuma kinachotii.

Juu waligeuza. Alipoanza kushuka alikanyaga breki, na pedali ikawa ngumu kama amekanyaga ukuta. Gari lilipunguza kidogo tu. Alisimama juu ya pedali kwa miguu miwili, mgongo ukikandamiza kiti, na harufu ya breki zinazoungua ikaingia ndani. Mbele yao mwanamke mwenye beseni la ndizi kichwani alikuwa anavuka. Ruqaiya alivuta ule mkono mfupi wenye kirungu chekundu, unaoteremsha giaboksi kwenye gia za chini kabisa. Meno yalilia, kisha yakashika, injini ikanguruma na gari likavutwa nyuma kama limekamatwa mkia. Kisha ule mkono ukaruka wenyewe kutoka mahali pake, na gari likawa huru tena. Aliligeuza kwenye ua wa michongoma wa nyumba ya mtu. Hapo ndipo liliposimama. Mwanamke wa ndizi aliwatazama, akaenda zake.

Injini ilikuwa bado inaunguruma taratibu, haina habari.

"Hili gari halitoki yadini," Ruqaiya alisema mwishowe. "Si kwa Afande, si kwa mtu yeyote."

Alimpigia Okwera siku hiyohiyo akamweleza yote, pampu na ule mkono mwekundu. Okwera alisikiliza mpaka mwisho. "Lakini limepanda," alisema.

"Limepanda, Afande."

"Vizuri," akasema, na kukata simu.

Siku ya Alhamisi shangazi yake Ruqaiya alizikwa Bombo. Aliondoka alfajiri, akaweka funguo za Landrova kwenye mkoba wake. Hakufikiria kutoa betri. Baadaye alilifikiria jambo hilo kila siku. Saa nne Okwera alifika yadini na Acayo na mizigo yao, akiwa na ufunguo wa pili mfukoni. Yasiin alisimama langoni akamwambia Fundi amekataza. Okwera hakupandisha sauti. Alimwambia Yasiin afungue lango, kwa sauti ileile aliyoitumia miaka thelathini kufunguliwa milango, na Yasiin, ambaye ujanani aliwahi kulala siku kumi na moja rumande bila kuambiwa kosa lake, alifungua.

Ruqaiya alipojua, jua lilikuwa limeshapita utosini. Simu ya Okwera haikupatikana. Alikaa kwenye benchi la yadi akiangalia alama ya mafuta sakafuni pale Landrova ilipokuwa imesimama. Yasiin alitaka kumwomba radhi, lakini Ruqaiya alimzuia kwa mkono.

Ijumaa alasiri simu iliita. Ni Okwera, na nyuma yake kulikuwa na upepo na sauti za watu.

"Mama Hamim, niko juu," alisema. "Pale nilipokwama na dada, limepita kama hapana kitu. Wazee wanaligusagusa kama ng'ombe mpya."

"Afande, nisikilize. Liache hukohuko. Pampu inafika leo jioni. Kesho napanda basi, naileta mwenyewe, nitaifunga huko juu."

"Nimeendesha kilomita mia nne na zaidi. Breki ni ngumu lakini zinashika."

"Zinashika kwenye lami. Kwenye kilima zitapata moto na hazitashika kitu. Nimeona kwa macho yangu. Niahidi."

Upepo ulivuma kwenye simu. "Nakuahidi mpaka kesho jioni," Okwera alisema.

Pampu ilifika kweli. Ruqaiya aliifunga kwenye kitenge, na asubuhi alikuwa kwenye basi la Kitgum akiwa ameipakata. Njia nzima alikuwa akihesabu saa. Aliwaza lile bati jembamba alilojiambia atalirudia. Walipita Luwero, wakapita Kiryandongo. Mbingu ya mbele ilikuwa na rangi ya risasi, na abiria aliyekaa karibu naye alisema huko juu mvua imetangulia mwaka huu.

Basi lilikuwa limevuka daraja la Karuma simu ilipoita tena. Safari hii ni Acayo.

"Dada Ruqaiya, kuna mwanamke hapa. Anaitwa Amony. Uchungu umemshika tangu jana na mtoto amekaa vibaya. Mkunga amesema ateremshwe kwenye kituo cha afya, la sivyo watakufa wote wawili." Alishusha sauti. "Okwera ameshakaa kwenye gari. Haniangalii usoni. Nimemwambia angoje nikupigie."

Ruqaiya alifumba macho. Alikuwa na saa tano bado za barabara. "Hawawezi kumbeba kwa kitanda?"

"Mto umejaa, njia ya mkato haipitiki. Mvua imenyesha. Wakienda kwa miguu ni mwendo wa saa nne. Hivyo ndivyo walivyombeba Lamwaka."

Ruqaiya alimwambia Acayo ampe mumewe simu.

"Ongea, Fundi," Okwera alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo.

Ruqaiya aliongea polepole, huku abiria waliokaa karibu wakinyamaza mmoja baada ya mwingine. Alimwambia aweke gia za chini kabla magurudumu hayajaanza kuteremka, na gia ya kwanza, na asikanyage klachi hata mara moja hadi chini, hata akiogopa namna gani, kwa maana injini ile kubwa ndiyo breki yake pekee. Breki za miguu aziguse kidogo kidogo tu, azipumzishe zipoe. Alimwambia achukue kamba zote za kijiji, azifunge nyuma ya gari, na wanaume washike na kuzungusha kwenye miti kila penye mti.

"Na ule mkono mwekundu unaruka," alisema. "Lazima mtu aushikilie. Auvute nyuma kwa mikono miwili, asiuachie."

"Nani?"

Ruqaiya alimsikia Acayo akisema, kwa mbali, "Mimi."

Waliacha simu wazi, ndani ya mkoba wa Acayo. Hivyo Ruqaiya alisikia kuanza kwa safari. Alisikia injini yake, ile sauti nzito ya silinda sita, ikinguruma chini na kuzuia uzito wote ule. Alisikia wanaume wakiitana kwa Kiacholi, na mwanamke akiugua nyuma, na Okwera akisema taratibu, taratibu, kama anasema na mnyama. Iliendelea dakika ishirini, labda zaidi. Mara mbili alimsikia Acayo akisema mkono wake unakufa ganzi. Kisha mawimbi ya simu yakaanza kukatika, kwa sababu walikuwa wakishuka bondeni. Sauti ilikuja vipande vipande. Kisha haikuja kabisa.

Alipiga mara kumi na nne kabla ya kufika Kitgum. Kule mwendesha bodaboda mmoja aliyeitwa Oola alikubali kumpeleka Lamwo licha ya tope. Jua lilikuwa limeinama walipofika chini ya kilima, na Ruqaiya aliiona Landrova kabla hajaona watu. Ilikuwa imeingia kwenye ukingo wa udongo mwekundu upande wa kulia wa njia, pua yake imezama, boneti imekunjika. Kamba tatu bado zilikuwa zimefungwa nyuma, na moja ilikuwa na damu.

Watu waliokuwa wamebaki pale walimsimulia. Walikuwa wamebakiza mita mia mbili tu kufika chini. Gari lilirukia jiwe, na ule mkono mwekundu ukaruka mbele ukamponyoka Acayo. Injini ikawa haishikilii kitu. Wanaume walizishika kamba mpaka ngozi za viganja zikatoka, wakaburutwa, wakaachia. Mbele kulikuwa na korongo la mto uliojaa. Okwera alikata usukani kulia, kwenye ukingo wa udongo, upande aliokaa yeye.

Amony alikuwa amelazwa juu ya magodoro nyuma. Alitupwa lakini hakuumia. Wanaume hao hao wenye viganja vilivyochubuka walimbeba hadi kituo cha afya, na kabla ya jioni mtoto alizaliwa, msichana, akiwa hai.

Okwera alikuwa ameshatolewa, mguu umepondeka, na kupelekwa hospitali pamoja na mkewe. Ruqaiya aliinama kwenye mlango wa dereva. Injini ilikuwa imerudi nyuma kwa kishindo cha ukingo. Ukuta mzima wa bati ulikuwa umestahimili isipokuwa pale kulia, pale alipokata kwa grainda. Lile bati jembamba lilikuwa limekunjwa kama karatasi mpaka kwenye kiti. Alilishika kwa vidole. Ilikuwa kazi yake, na alama za mkono wake zilionekana kwenye kila nukta ya kuchomelea.

Mguu wa kulia wa Okwera ulikatwa chini ya goti siku ya Jumapili, katika hospitali aliyopelekwa. Askari wa huko alikuja wodini na daftari, kijana mwenye heshima, akauliza ni nani aliyefunga injini ile.

"Mimi," Ruqaiya alisema.

"Gari lilitoka kwako likiwa salama?"

"Hapana."

Okwera aligeuza kichwa kwenye mto. Uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu. "Andika vizuri," alimwambia askari. "Nililichukua wakati yeye hayupo. Alinikataza. Lango lilifunguliwa kwa sababu niliamuru."

Askari aliandika yote mawili. Hakuna aliyemwita tena Ruqaiya kuhusu jambo hilo, na hilo halikumpa nafuu aliyoitegemea.

Acayo alimkuta amekaa nje kwenye ngazi. Viganja vyake vilikuwa vimefungwa bandeji. "Ningeushika dakika tano zaidi," alisema. "Dakika tano tu, dada."

"Hakuna mtu angeushika. Hata mimi ulinishinda Muyenga, na nilikuwa na nguvu zangu zote."

"Unasema hivyo kunituliza."

"Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Yaliyo yangu nayajua. Yale si yako."

Acayo alilia wakati huo, kwa mara ya kwanza, na Ruqaiya akakaa naye mpaka akamaliza.

Landrova ililetwa Namuwongo juu ya lori mwezi wa tano. Yasiin hakutaka kuiangalia. Okwera naye alikuja, akishuka kwenye teksi kwa magongo, suruali imekunjwa na kubanwa kwa pini. Alizunguka gari mara moja kama alivyofanya siku ya kwanza.

"Lijenge tena," alisema. "Sasa kwa namna yako. Chukua muda unaotaka. Acayo anajifunza kuendesha."

"Kwa nini, Afande? Baada ya haya?"

"Kwa sababu yule mtoto ana miezi miwili na kilima bado kiko pale. Wako wengine juu."

Ruqaiya hakukubali siku hiyo, wala hakukataa. Wiki iliyofuata alianza na breki kabla ya kugusa kitu kingine. Aliweka pampu, akang'oa ngoma zote nne za breki, akatafuta giaboksi inayolingana na injini. Bati la kulia alilikata upya na kulibadilisha kwa chuma cha milimita tatu, akachomelea mwenyewe bila kumwachia Yasiin.

Mvua ziliendelea kunyesha kaskazini mwaka huo kwa muda mrefu kuliko kawaida. Asubuhi moja, akiwa amelala chali chini ya chesisi, simu yake iliita kwa namba asiyoijua. Alikuwa mume wa Amony. Alisema kuna mzee mgonjwa huko juu, na njia imeanza kumomonyoka pale penye ukingo, na watu wanauliza gari litarudi lini.

"Bado," Ruqaiya alimwambia. "Waambie bado halijawa tayari."

"Mwezi ujao?"

Alitazama juu, kwenye tumbo jeusi la injini lililokuwa likining'inia nusu mita kutoka usoni mwake.

"Sijui," alisema. "Nitakapojua, nitalileta mwenyewe, na mimi ndiye nitakayelishusha kwanza."

Mtu yule alishukuru, akakata. Ruqaiya alibaki pale chini kwa muda, treni ya mizigo ikipita nje na ardhi ikitetemeka chini ya mgongo wake, kisha akanyoosha mkono kutafuta spana.